Saikolojia ya ukombozi mtaani: mwongozo kamili wa kuendesha kikundi, kutoka kusikiliza hadi kutenda

Mama anayefika zahanati akilalamika kichwa na kukosa usingizi ataulizwa kuhusu mwili wake, atapewa dawa ya maumivu, na pengine ataambiwa apunguze mawazo. Ni nadra sana aulizwe mtaa wake hupata maji saa ngapi. Kama maji hutoka saa nane za usiku mara mbili kwa wiki, na yeye ndiye anayeamka kukinga, basi sehemu ya ugonjwa wake imeandikwa kwenye ratiba ya mgao wa maji. Ushauri wa kulala mapema haumsaidii kitu.

Saikolojia ya ukombozi huanzia hapo. Swali la kawaida la mshauri ni "una nini?" Huku yanaongezwa mengine matatu: nini kimekupata, nani wengine kimewapata, na kwa nini kinaendelea? Frantz Fanon, daktari wa akili kutoka Martinique aliyefanya kazi hospitali ya Blida, Algeria, alijiuzulu mwaka 1956 kwa sababu hakuona namna ya kuwatibu watu ndani ya utawala wa kikoloni uliokuwa ukiwaumiza kila siku. Aliyeieneza kazi hii kwa jina la saikolojia ya ukombozi ni Ignacio Martín-Baró, padri Mjesuiti aliyezaliwa Hispania mwaka 1942 na kufundisha saikolojia katika chuo kikuu cha UCA mjini San Salvador wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya El Salvador. Wanajeshi walimuua tarehe 16 Novemba 1989, pamoja na Wajesuiti wenzake watano, mama mmoja mfanyakazi wao na binti wa mama huyo.

Aliacha kazi tatu za kufanya: kufufua kumbukumbu ya watu, kuondoa pazia lililofunika maisha ya kila siku, na kutumia tunu ambazo watu tayari wanazo. Mwongozo huu unazigeuza kazi hizo kuwa vikao 12. Mfano tutakaoutumia, mtaa wenye maji ya usiku, ni wa kubuni, ingawa wasomaji wengi wataudhani ni wao. Njia hii pia haichukui nafasi ya hospitali. Tutalifikia hilo mbele.

Kabla ya kikao cha kwanza

Tafuteni watu 12 hadi 18. Wakiwa chini ya 10, wawili wakiugua kikao kimekufa. Wakizidi 20, nusu yao watageuka wasikilizaji. Wawe watu wanaoguswa na tatizo, wa rika na kipato tofauti kidogo, na wanawake wasipungue nusu. Mwenyekiti wa mtaa, chifu au kada wa chama asiwe mwanakikundi hata akiwa mtu mwema, kwa kuwa watu watapima maneno mbele yake.

Wawezeshaji ni wawili, ikiwezekana mwanamke na mwanamume. Mmoja anaongoza, mwingine anaandika na kuangalia nyuso: nani amenyamaza ghafla, nani anataka kusema lakini anakatwa. Mwezeshaji mmoja peke yake hawezi yote mawili.

Vifaa ni vichache: bango kitita, maka peni nne, kadi 100 (karatasi ya A4 ikatwe mara mbili), kamba ya mita 6, vibanio vya nguo 40, kilo moja ya maharage na madaftari mawili. Projekta acheni. Ikiingia chumbani watu wanageuka wanafunzi, na umeme ukikatika hakuna kikao.

Kila kikao ni saa mbili, mara moja kwa wiki, na wanawake ndio wapange saa. Pamoja na muda wa kusikiliza na wa dodoso, hesabuni miezi minne hadi mitano.

Toeni taarifa. Tanzania, andikeni barua fupi kwa ofisi ya serikali ya mtaa au ya kijiji. Kenya, mjulisheni chifu au msaidizi wake pamoja na mzee wa mtaa. Semeni ukweli: mnakutana kuchunguza matatizo ya mtaa na kutafuta suluhu. Kikundi kinachojificha huzushiwa uvumi kabla hakijafanya lolote, na uvumi huo hutumika kukivunja.

Posho hapana. Huu ndio msimamo utakaopigiwa kelele zaidi, maana miradi imewazoesha watu kusaini karatasi na kupokea bahasha. Posho ikiingia, wanaokuja ni wa posho, na siku ikikatika wanaondoka nayo. Chai na mihogo vinatosha, vitokane na mchango wa wote. Anayelipa nauli arudishiwe nauli yake, basi.

Hatua ya 1: kusikiliza, wiki mbili

Wiki mbili za kwanza hakuna kikao. Kila mwanakikundi anasikiliza pale anapokaa siku zote: bombani, foleni ya kliniki, saluni, kijiweni, ndani ya daladala au matatu, uani baada ya mazishi. Haulizi maswali wala hatoi daftari mbele ya watu. Jioni anaandika kauli tano hadi kumi kama zilivyosemwa, bila kuzisafisha, bila jina la msemaji, na pembeni anaweka hisia: hasira, hofu, aibu, kicheko. Asiyeandika amsimulie mwenzake. Kicheko kisipuuzwe, mambo ambayo watu hawathubutu kuyasema huyatania.

Wekeni ukurasa wa peke yake kwa kauli za kukata tamaa: "tumezoea", "ndiyo maisha", "mnyonge hana haki", "mwenye nguvu mpishe", "mkono mtupu haulambwi". Wataalamu wengi huziita tabia ya maskini au utamaduni wao. Martín-Baró aliipinga hoja hiyo. Kwake, kukata tamaa ni somo ambalo watu wamefundishwa na maisha yenyewe: waliojaribu walishindwa au waliadhibiwa, na wengine wakaona. Kwa hiyo mwezeshaji asibishane na kauli hizo wala asihamasishe kwa "tunaweza!" Aulize: nani alijaribu mara ya mwisho? Alifanya nini hasa? Kilimpata nini? Majibu ya maswali haya matatu yana thamani kuliko semina nzima ya hamasa.

Kikao cha 1 kinaanza na makubaliano: yanayosemwa hapa hayatoki na jina la mtu, kila mmoja ana haki ya kunyamaza, daftari linatunzwa na fulani. Kisha kila kauli iandikwe kwenye kadi yake, mwageni kadi zote chini, zisomwe kwa sauti, zipangwe mafungu. Kila mtu apewe maharage matatu aweke kwenye mafungu yanayomuuma zaidi. Fungu lenye maharage mengi ndilo mada. Mtego hapa ni kuchagua mada inayopendwa na wafadhili. Ikiwa hakuna aliyetaja ujasiriamali kwenye kadi, usiingize ujasiriamali.

Hatua ya 2: picha moja

Vikao viwili vifuatavyo vinajengwa juu ya picha. Njia inatokana na Paulo Freire wa Brazil, ambaye mwaka 1963 kule Angicos, jimbo la Rio Grande do Norte, aliendesha darasa la watu wazima wapatao 300 kujifunza kusoma kwa saa 40, wakianza na mazungumzo juu ya picha za maisha yao wenyewe. Kenya iliipokea miaka ya 1970 kupitia DELTA, mafunzo ya kuandaa wawezeshaji wa vikundi vya jamii. Tanzania ilikuwa na ndugu wa karibu wa njia hii: kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, ambapo watu takriban milioni 2 walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Tofauti ni kwamba mada za kampeni zilipangwa juu. Hapa zinatoka kwenye kadi za kikundi.

Mchoraji wa mtaani anatosha. Mpe masharti haya. Picha iwe kubwa, karatasi ya bango kitita nzima, mistari myeusi minene ionekane kutoka nyuma. Ionyeshe hali moja ambayo kila mtu ataitambua mara moja. Isiwe na maandishi. Isifanane na mtu wa mtaani anayejulikana. Na isiwe na jibu ndani yake: ukichora watu wameandamana na mabango, mazungumzo yamekwisha kabla hayajaanza. Kwa mtaa wetu wa mfano: usiku, foleni ya madumu, mwanamke mwenye mtoto mgongoni, mkokoteni wa muuza maji pembeni, na nyuma kabisa nyumba yenye taa na tangi kubwa.

Kisha maswali sita, kwa mpangilio huu:

1. Mnaona nini? (dakika 10)
2. Nini kinaendelea kwa watu hawa, na wanajisikiaje? (dakika 15)
3. Je, haya yapo kwetu? Kwa namna gani? (dakika 25)
4. Kwa nini yapo? (dakika 30)
5. Yanatuletea nini mwilini, nyumbani, kazini? (dakika 20)
6. Tunaweza kufanya nini? (liachwe wazi hadi hatua ya 6)

Swali la kwanza linaonekana la kitoto na wawezeshaji hupenda kuliruka. Wasiliruke. Mtu ambaye hajawahi kusema mbele ya watu anaweza kusema "naona dumu", na akishasema hilo mdomo umefunguka. Kosa la pili ni kukimbilia la nne kabla la tatu halijaiva. Bila la tatu mnapata hotuba kuhusu nchi, badala ya habari za mtaa. Na swali la tano ndipo saikolojia inapokaa: hapa watu hutaja usingizi, hasira kwa watoto, ndoa kuyumba kwa sababu mke hutoka usiku, aibu ya kwenda kanisani au msikitini na nguo chafu. Mwandishi aandike haya yote neno kwa neno.

Hatua ya 3: mnyororo wa "kwa nini"

Chukueni jibu moja la swali la nne na kuuliza "kwa nini" mara tano au zaidi, kila jibu kadi yake, zikining'inizwa kwa kushuka. Kanuni ni moja: kila kadi iwe jambo linaloweza kuthibitishwa, au tendo la mtu mwenye cheo au maslahi fulani. Mnyororo hukwama sehemu nne.

Kwenye "Mungu kapenda", usiingie mjadala wa imani, utashindwa na utakuwa umekosea adabu. Uliza tu: mtaa wa jirani Mungu ni huyohuyo, wao maji wanapata saa ngapi?

Kwenye "serikali", omba jina la ofisi. Mamlaka ya maji? Halmashauri au kaunti? Nani anapanga mgao, na ratiba imeandikwa wapi? "Serikali" ikibaki neno moja, hakuna wa kumwandikia barua.

Kwenye "sisi wenyewe wavivu", rudi kwenye picha: mvivu gani anaamka saa nane za usiku? Mara nyingi kikundi hucheka hapa, na baada ya kicheko huja mambo ya kweli.

La nne ni hatari: "ni watu wa kabila fulani" au "ni hawa wakuja". Simamisha mnyororo. Uliza ni watu gani hasa, wanafanya nini, na kama wapo wa kabila hilo wanaobeba madumu pia. Jibu likirudi lilelile, funga kikao kwa siku hiyo na mzungumze na msemaji pembeni. Martín-Baró aliona jinsi vita ilivyowagawa Wasalvador kuwa "sisi" na "wao" hadi jambo lilelile likaitwa jema au baya kutegemea nani kalifanya. Kikundi kilichofika hapo hakiwezi tena kuchunguza kitu.

Mwisho wa kikao gaweni kadi katika safu tatu: tunajua, tunadhani, hatujui. Safu ya kwanza hutoka fupi kuliko mlivyotarajia. Msione aibu, safu ya pili ndiyo malighafi ya dodoso.

Kwa nini usumbufu wote huu wa kuthibitisha? Tazameni Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilikuwa kando ya makazi hadi kilipofungwa mwaka 2014. Watoto waliugua, na ugonjwa ulisomwa kama malaria au homa ya matumbo, tatizo la kila nyumba peke yake, mpaka vipimo vya damu vilipoonyesha sumu ya madini ya risasi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mwanawe alikuwa miongoni mwa walioathirika, aliongoza harakati. Mwaka 2020 mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaitengua mwaka 2023, Mahakama ya Juu ikairejesha mwishoni mwa 2024. Hasira peke yake isingefika huko. Waliobeba kesi miaka yote hiyo walikuwa na vipimo mkononi.

Hatua ya 4: kamba ya miaka

Fungeni kamba ukutani. Mwisho mmoja uwe mwaka ambao mzee wa kwanza wa kikundi alihamia mtaani, mwisho mwingine uwe leo. Alikeni wazee watatu au wanne kwa kikao hiki tu. Kadi zinabanwa kwa vibanio: bomba la kwanza lilipofika, nani alilichimbia mtaro, bomoabomoa, kipindupindu, mwaka wa uchaguzi na ahadi zake, siku bomba lilipokauka.

Kwa kadi zilizo juu ya kamba wekeni yaliyofanywa na wenye mamlaka. Chini ya kamba, yaliyofanywa na wakazi wenyewe. Mwanzoni upande wa chini huwa mtupu. Wazee wasihimizwe, waulizwe maswali madogo: mtaro ulichimbwa kwa siku ngapi, jembe lilikuwa la nani, nani alipika? Taratibu hujaa: msaragambo, harambee, ulinzi wa zamu, kisima kilichochimbwa kwa mikono. Hizi ndizo tunu za watu. Kikundi kilichokuwa kikisema "watu wa hapa hawaelewani" kinajikuta kinasoma ushahidi wa kuelewana kwake.

Kumbukumbu pia huzimwa kwa makusudi. Nchini Kenya, marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau iliendelea kuwa kwenye vitabu vya sheria hadi mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. El Salvador, serikali ilikana mauaji ya kijiji cha El Mozote ya Desemba 1981 mpaka wataalamu walipofukua mabaki mwaka 1992 na kukuta miili 143 mahali pamoja, karibu yote ya watoto. Kwa miaka zaidi ya kumi walionusurika waliishi na jambo ambalo rasmi halikutokea. Mtaani kwenu uongo rasmi utakuwa mdogo, kama bango linalosema mradi wa maji umekamilika. Uwekeni kwenye kamba, na chini yake tarehe bomba lilipotoa maji mara ya mwisho mchana.

Kikao hiki huamsha machungu kuliko vyote. Kisipangwe siku ya kuamkia msiba au kumbukumbu ya tukio baya, na kiishie na chakula.

Hatua ya 5: dodoso la mtaa

Hapa ndipo vikundi vingi huruka, na hapa ndipo tungewaomba mkae zaidi. Mwaka 1986 Martín-Baró alianzisha taasisi ya kura za maoni, IUDOP, ndani ya UCA. Wakati wakubwa wa vita wakidai wananchi wako nyuma yao, kura hizo zilionyesha kuwa wengi walitaka mazungumzo. Aliziona kama kioo cha jamii. Kila mtu alidhani yuko peke yake na mawazo yake, kwa kuwa kusema kulikuwa hatari. Kioo kikamwonyesha kwamba jirani anawaza vilevile. Kupata kioo hicho hakuhitaji chuo kikuu.

Chukueni mtaa wa kaya 400. Mkihoji kaya 80, matokeo yenu yanaweza kupotoka takriban pointi 10 juu au chini; inatosha kujua jambo ni la wengi au la wachache, haitoshi kubishania asilimia 52. Gawa 400 kwa 80 upate 5. Piga kura ya namba kati ya 1 na 5; ikitoka 3, anzeni nyumba ya tatu, kisha ya nane, ya kumi na tatu, hivyo hivyo hadi mwisho. Msichague nyumba yenye mbwa mpole. Nyumba ikifungwa, rudini mara mbili, mara moja jioni au Jumapili, vinginevyo mtawahoji wasio na ajira peke yao. Nyumba moja hojini mwanamke, inayofuata mwanamume. Nyumba ya wapangaji sita ni kaya sita, isihesabiwe moja.

Maswali yasizidi 10, mahojiano dakika 15. Manne ya ukweli (maji yalitoka lini mara ya mwisho, saa ngapi, nani aliamka, dumu la lita 20 mlinunua bei gani), mawili ya afya (usiku wa jana ulilala saa ngapi, wiki hii umeumwa kichwa siku ngapi), na jozi hii ambayo haitakiwi kukosekana:

"Wewe unaona ni haki mtaa huu kupata maji usiku tu?"

"Unadhani majirani zako wengi wanaonaje?"

Tofauti kati ya majibu hayo mawili ndiyo kioo. Tuseme watu 66 kati ya 80 wanaona si haki, lakini 22 tu wanadhani majirani wanaona hivyo. Tayari mmepata kilichokuwa kikiwafunga midomo: kila mmoja alidhani wenzake wameridhika.

Jaribuni dodoso kwa watu watano wasio wa sampuli. Swali linalorudiwa mara mbili kabla ya kujibiwa, liandikeni upya. Epukeni maswali yanayosukuma, kama "Je, hukasirishwi na...?" Tembeeni wawili wawili, ombeni ridhaa, msiandike majina, tumieni namba. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania tangu 2022, na hata bila sheria karatasi yenye jina na lawama inaweza kumponza mtu. Watoto wasihojiwe. Na kabla ya kuanza kugonga milango, kumbusheni ofisi ya mtaa. Pale inapodai kibali, kipateni kwa maandishi.

Kuhesabu kufanyike kikundini, kwa vijiti vya tano tano, watu wawili wakihesabu kila karatasi kwa nyakati tofauti. Matokeo yarudi mtaani ndani ya wiki mbili, la sivyo watu watasema "walikuja kuandika tu", kama wengine wote. Msiwaonyeshe asilimia. Wekeni sahani mbili na maharage 80, moja kwa kila aliyehojiwa, na mwanakikundi asiyesoma ndiye ahesabu kwa sauti. Hapo hata bibi wa mwisho mkekani ataona.

Hatua ya 6: tendo moja dogo

Sasa rudini kwenye swali la sita. Tendo la kwanza lipimwe kwa mambo manne: linakamilika ndani ya wiki sita hadi nane; halihitaji fedha za nje; matokeo yake yataonekana kwa macho; na likishindikana, hakuna atakayepoteza kazi au nyumba. "Tupate maji saa 24" halipiti. "Tupate ratiba ya mgao kwa maandishi na mtaa wetu upewe angalau siku moja ya mchana" linapita.

Choreni kwanza karatasi ya nguvu: nani anaamua, nani anamshawishi, nani anafaidika hali ikibaki hivi. Muuza maji wa mkokoteni atatokea safu ya tatu. Naye ni jirani, huenda mtoto wake yuko darasa moja na wenu. Mzungumze naye kabla, msimfanye adui. Mwenye tangi kubwa anayemuuzia ndiye mwenye faida nono.

Barua iwe ya ukurasa mmoja: mnachoomba kwenye sentensi ya kwanza, namba tatu za dodoso, tarehe mnayotarajia jibu. Kenya, kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 na sheria ya mwaka 2016 vinawapa haki ya taarifa, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Ziandikeni namba hizo kwenye barua. Tanzania nayo ina sheria ya haki ya kupata taarifa ya mwaka 2016, itajeni. Saini ziandikwe kwa duara ili pasiwe na wa kwanza wa kuitwa. Pelekeni wanne, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri barua haikufika.

Picha za mkutano na majina visiwekwe kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Likitokea tishio, hata la mdomo, liandikwe siku hiyohiyo: nani, wapi, saa ngapi, maneno gani. Kikundi kisimamishe tendo na kuuliza shirika la msaada wa kisheria kabla ya kuendelea.

Baada ya tendo, kikao kizima cha kutathmini, hata lilipofaulu. Lilipokwama, rudini kwenye karatasi ya nguvu. Kwa kawaida kuna mtu mlimweka safu isiyo yake.

Machungu yanapofumuka

Mtu akilia, asiambiwe anyamaze na asishikwe bila kuulizwa. Mwezeshaji wa pili akae karibu naye. Wa kwanza apunguze kasi ya kikao. Akitaka kutoka, asitoke peke yake. Msimwombe asimulie zaidi: kusimulia undani wa tukio baya mbele ya watu 15 kunaweza kumrudishia jeraha, na kesho atawakwepa kwa aibu.

Yapo yanayozidi uwezo wa kikundi. Mtu anayetaja kujiua, asiyekula au kulala siku kadhaa mfululizo, anayesikia sauti, au aliyezidiwa na pombe tangu msiba, asindikizwe kituo cha afya siku hiyohiyo na mtu anayemwamini. Ukatili dhidi ya mtoto upelekwe kwenye namba 116, bila malipo Kenya na Tanzania. Tanzania pia kuna Dawati la Jinsia na Watoto vituo vya polisi. Namba na majina ya vituo vya karibu viandikwe jalada la ndani la daftari kabla ya kikao cha 1. Wawezeshaji nao wakutane nusu saa baada ya kila kikao kutua mzigo.

Yanayoharibu kazi

Mwezeshaji mwenye jibu. Huyu ni mbaya kuliko asiyejua kitu, na mara nyingi ni msomi. Dalili: anazungumza zaidi ya robo ya muda. Mwandishi ampime kwa saa.

Msimu wa uchaguzi. Mgombea akisikia kuna kikundi cha maji ataleta matangi na fulana. Amueni mapema, na kwa maandishi, kwamba hampokei kitu cha mgombea yeyote. Tena ni heri kuahirisha miezi mitatu kuliko kufanya dodoso katikati ya kampeni, kwani majibu yote yatakuwa ya kisiasa.

Mazungumzo yasiyo na tendo huchosha, na tendo bila mazungumzo huachwa kwa watu watatu. Mkiona waliohudhuria wamepungua chini ya tisa kwa vikao viwili, msiendelee na ratiba. Nendeni majumbani kwa walioacha na kuuliza kwa nini. Sababu huwa saa ya kikao, au mtu mmoja anayetawala, au siri iliyovuja.

Kuanzia kikao cha 9, uongozi wa kikao uzunguke kwa wanakikundi, mwezeshaji akae nyuma na daftari. Miezi sita baada ya tendo rudieni dodoso kwa maswali yaleyale, mkianzia nyumba nyingine: namba ya kwanza ikiwa 3, sasa pigeni kura kati ya 1, 2, 4 na 5. Linganisheni saa za usingizi na ile jozi ya maswali ya haki. Karatasi za mahojiano zichomwe baada ya kuhesabiwa; jumla zibaki kwenye daftari, na nakala ikae kwa mtu wa mtaa wa pili.